Upepo Nao Unakunywa Dizeli

Kuna watu wanaamini kwamba ukiufungua mlango wa nyuma wa pikapu, au ukiung'oa kabisa ukautupa stoo, gari linapunguza ulaji wa mafuta. Hoja yao ni kwamba upepo unapita juu ya kabini, unatumbukia kwenye bodi, unaukuta mlango umesimama kama trafiki wa Mlandizi, unaugonga, na gari linavutwa nyuma. Nimeambiwa hivyo na fundi tairi, nikaambiwa na dereva wa Noah, nikaambiwa na shemeji yangu ambaye hana hata baiskeli. Huko Marekani watu walifika mahali pa kununua wavu na kuufunga palipokuwa na mlango, ili upepo upite salama uende zake.

Uongo mtupu. Upepo una akili kuliko shemeji. Mlango ukiwa umefungwa, ile hewa iliyoingia kwenye bodi inazunguka humo humo, inalijaza lile shimo, na upepo unaokuja nyuma yake unateleza juu kwa juu, haupati nafasi ya kushuka. Fungua mlango uone: hewa yote inavuja, upepo unaanza kutumbukia, na dizeli yako inausindikiza. Kwa hiyo kwanza funga mlango. Ukitaka kumaliza kesi kabisa, funika bodi yote, upepo ukute uwanja tambarare. Nilipomweleza shemeji haya alinitazama kwa huruma, akauliza kama siku hizi nalala vizuri.

Mimi si mhandisi. Nauza vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, madumu, vile vistuli vinavyovunjika ukikaa vibaya. Napakia Dar, nashusha Chalinze na Morogoro, narudi mtupu. Sasa kule kurudi mtupu ndiko kunakoniuma, maana unachoma mafuta ya kusafirisha hewa. Tangu mwaka 2022 dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, nimekuwa mtu wa kukesha usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi nikingoja bei kikomo za EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakati wanaume wenzangu wanakesha kwa ajili ya Simba na Yanga. Angalau wao wakifungwa wanajua nani wa kumtukana.

Basi nikaamua kufunika bodi. Kanopi, yaani vifuniko vya bodi vya dukani, nilikwenda kuziulizia. Yule kijana alinitajia bei huku anaangalia simu, wala hakusubiri nijibu, alijua. Kwa hela ile unapata kiwanja Mkuranga na tofali za kuanzia. Nikamshukuru, nikashika njia ya Gerezani kutafuta engo za chuma na bati, nijitengenezee changu.

Fundi wangu yuko kwenye gereji bubu chini ya mwarobaini, anachomelea akiwa amevaa miwani ya jua yenye kioo kimoja. Lile jicho lisilo na kioo analifumba. Nikamwambia nataka fremu nyepesi, juu bati geji 28, bawaba upande wa kabini, basi.

"Sawa, bosi. Unazuia mvua?"

"Nazuia upepo."

"Upepo wa nini?"

"Upepo wa barabarani."

Akamgeukia kijana wake. Kijana akaangalia pembeni. Nikajua wameshanipa jina.

Tatizo la mafundi wetu ni kwamba hawakijui kitu chepesi. Mwagize kizimba cha kuku, atakujengea selo. Niliporudi jioni nikakuta ameongeza engo mbili za kukatiza katikati ambazo hakuna aliyeziomba. "Ili kiwe imara, bosi, hata mtu akikaa." Nani akae? Nani kasema kuna mtu atakaa? Gari linakula mafuta kwa uzito vilevile, mimi naupunguza upepo huku yeye ananipakia chuma cha reli. Halafu akataka nyongeza kwa ajili ya zile engo mbili. Kwamba nimlipe kwa kunitia hasara.

Kukinyanyua kile kifuniko tulihitaji wanaume wanne na mmoja wa kutoa ushauri.

Siku ya kwanza barabarani, kwenye matuta ya kwanza tu, nikadhani nimekokota ngoma ya unyago. Bati linapiga bodi, bodi inajibu. Watu wanatoka majumbani. Dawa ya kelele ni mpira, na mpira wa bei nafuu kuliko yote nchi hii ni kandambili. Unaikata vipande vya vidole viwili, unatoboa, unafunga riveti kila kona, halafu ukingo mzima unauzungushia tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa. Kelele zikaisha. Zikahamia nyumbani.

"Baba Salma, kandambili ya chooni iko wapi? Ya kushoto."

"Iko kazini."

Hajaniuliza tena, lakini ile ya kulia ameiweka mlangoni peke yake, kila mgeni anaiona na anauliza, na yeye anasimulia.

Mtaa nao haukuchelewa. Siku ya kwanza walikiita jeneza la familia. Siku iliyofuata wakaanza kukitumia. Ukitaka kujua Waswahili hawaachi sehemu tambarare ikae bure, weka bati jipya juani Kimara. Asubuhi nakuta dagaa wameanikwa. Mchana watoto wanapanda kabini na kuteleza hadi kwenye mlango wa nyuma. Jioni wazee wamekaa juu yake wanacheza bao, miguu inaning'inia, na mmoja ananiambia kwa sauti ya baraka kabisa, "Umefanya jambo la maana, mwanangu. Pale chini ya mti palikuwa na siafu." Nikashindwa kumwambia shuka, mzee, hiki ni chombo cha kisayansi. Nikamwamkia, nikapita. Fundi angekuwepo angenicheka na engo zake mbili.

Msomaji mwerevu atauliza: siku ya kwenda, ndoo zikiwa zimepangwa hadi juu ya kabini, kifuniko kinakaa wapi? Kinakaa juu ya ndoo. Kimefungwa kamba. Tuendelee.

Sasa ugomvi wenyewe. Nguvu ya upepo wa mbele haiongezeki polepole kama mshahara. Ukitoka spidi 50 ukaenda 100, spidi imekuwa mara mbili lakini upepo unakusukuma mara nne. Ndiyo maana mjini kifuniko hakina kazi, huko mafuta yanaliwa na foleni, breki na kuondoka upya kila baada ya hatua kumi. Kifuniko kazi yake ni barabara ndefu, gari limechanganya, 80 kwenda juu, hapo ndipo upepo unakuwa adui wa kweli na bati langu linaingia uwanjani.

Haya nionyesheni hiyo 80. Ukitoka Morogoro, hujakaa sawa, Kingolwira, kibao cha 50. Mikese, 50. Ubena Zomozi, 50. Mdaula, 50. Kibao cha kumaliza 50 nacho wamekiweka mbali na nyumba ya mwisho, unatembea polepole katikati ya pori unawahurumia nyani. Ukipandisha spidi kidogo, anayekuja mbele anakuwashia taa: trafiki wapo, wana tochi ya kupima spidi. Unashuka tena. Tochi ikikunasa ni 30,000, na hakuna bati la kurudisha 30,000 katika safari moja. Chalinze hapo kuna malori, unamfuata mmoja mwenye kontena anapanda kilima kwa mwendo wa harusi hadi Vigwaza. Nimejenga silaha ya kupigana na upepo, halafu nchi nzima imekula njama nisikutane naye. Kifuniko changu hakina kosa lolote. Hakijapewa barabara.

Na hata hao wenye tochi hawanielewi. Juzi nimesimamishwa, kijana mdogo, sare imenyooka, umri wa kifunguamimba wangu. Nikampa shikamoo. Usinicheke, ukisimamishwa na mtu mwenye kitabu cha faini umri wako unapungua wenyewe.

"Marahaba. Leseni. Nyuma umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, afande."

"Hujabeba kitu, halafu umefunika?"

"Ndiyo, afande."

"Umefunika nini?"

"Upepo."

Akavua kofia, akajifuta jasho, akairudisha. Akamwita mwenzake. Nikawaelewa, barabara hii watu wanafunika mkaa, wanafunika wahamiaji haramu, na wote wakiulizwa wanasema hawajabeba kitu. "Fungua." Nikafungua. Humo ndani kulikuwa na jeki, spana ya tairi, na kandambili nusu. Yule wa pili akaingiza kichwa, akagonga sakafu ya bodi kwa ngumi kutafuta sehemu ya siri. Akaitazama ile kandambili muda mrefu.

"Mwenzake yuko wapi?"

Nikaanza kueleza. Hewa inavyozunguka kwenye bodi, mlango wa nyuma, mara mbili na mara nne. Nilipofika kwenye mara nne wakanirudishia leseni na kuniambia niendeshe taratibu na nikifika nyumbani nipumzike. Taratibu! Nimewaeleza muda wote huo kwamba taratibu ndiyo inayoniumiza!

Mvua nayo ina kisa chake. Bati tambarare halina pa kumwaga maji, fundi aliniambia "yatakauka". Kukinyesha usiku, asubuhi una bwawa juu ya gari. Ukifunga breki bwawa linakuja mbele na kupiga kioo cha nyuma, abiria anaruka. Ukiondoka, bwawa linarudi nyuma, na nyuma ya pikapu yoyote Dar es Salaam lazima kuna bodaboda amekubana. Yule wa Mbezi alikuwa amembeba dada aliyetoka saluni. Sitasimulia. Alinifuata hadi Kibamba akipiga honi, na siwezi kusema alikuwa anakimbia hasara ya mafuta. Sasa nimefunga ubao upande mmoja, bati limeinama kidogo, maji yanamwagikia mtaroni. Na wazee wa bao wamelalamika kwamba kete zinateleza.

Kila mtu siku hizi ni mtaalamu wangu. Dereva wa daladala aliniambia, "Mzee, jaza upepo kwenye tairi uache kupigana na upepo wa nje." Nikakasirika, kwa sababu ni kweli, tairi laini linakula mafuta sana na kulijaza ni hela ya pipi. Lakini mtu umeshachomelea engo, huwezi kukubali ushauri wa bei ya pipi mbele ya watu. Nilikwenda kujaza usiku.

Kuna jambo jingine linanikera. Kurudi mtupu kwenyewe hakupo. Bongo huwezi kurudi mtupu. Ukionekana stendi ya Msamvu, Morogoro, na pikapu isiyo na mzigo, ndugu wanakuzaa hapo hapo. Shangazi ana mikungu ya ndizi, inasimama juu kuliko kabini. Mjomba ana kitanda, "ni cha mbao nyepesi tu". Kifuniko hakifungi, kinabaki mdomo wazi njia nzima, upepo unaingia, unakaa, unastarehe na ndizi. Nikilalamika, "Kwani si gari linakwenda huko huko?"

Hata hivyo hesabu nimepiga, maana mtu anayejenga lazima ajue hela inarudi lini. Morogoro hadi Dar ni karibu kilomita 190. Hilux yangu ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L, ikiwa na furaha inakwenda kilomita 10 kwa lita. Hiyo ni lita 19. Kifuniko cha namna hii hakileti miujiza, ni asilimia chache, tuseme tano na hapo nimejipendelea, tena upepo ukiwepo, shangazi asiwepo, afande amelala. Inakuja lita moja kasoro. Shilingi 3,000 kasoro. Nikisimama Mikese nikanywa chai na chapati mbili na supu kidogo, nimeinywa faida yote pale pale na nyingine nimeongeza kutoka mfukoni. Kwa hiyo nimeacha kusimama Mikese. Njaa nayo ni sehemu ya mradi.

Kwa bei ile ya dizeli ya wakati nanunua bati, nilikuwa nimeshaipata hadi siku ya kurudisha hela yangu, nikaizungushia duara kwenye kalenda iliyo ukutani. Kumbe Jumatano ilikuwa inanisubiri. Nimeamka, bei imeshuka. Kituo cha mafuta watu wanapongezana, wa bodaboda wanapeana mikono, mpiga pampu anacheka na wateja. Mimi nimekaa ndani ya gari nimenuna peke yangu nchi nzima, kwa sababu kila shilingi inayoshuka kwenye lita inaisogeza mbele ile siku yangu. Nimepiga hesabu upya pale pale kwenye foleni. Duara imetoka nje ya kalenda.

Simu ikaita. Shemeji.

"Umesikia? Dizeli imeshuka! Si ukiuze tu sasa kile kidude?"

Nikamkatia. Namjua, anakitaka akaezekee banda la bata.