Kijana mmisionari ugenini: umri si tatizo kubwa kama madaraka

Ukiishi Dar es Salaam au Nairobi huenda umewahi kupishana nao: vijana wawili wenye mashati meupe na beji nyeusi kifuani, wanakata mitaa kwa miguu jua la saa saba. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu tunawaita Wamormoni. Tangu mwaka 2012 wavulana wao wanaruhusiwa kuanza huduma wakiwa na miaka 18. Hawajichagulii nchi, wanapangiwa. Wavulana hutumika miezi 24 na wasichana 18. Hawalipwi mshahara, na anayetoka Marekani familia yake huchangia dola 500 kwa mwezi, kiwango kilichopanda kutoka dola 400 mwaka 2020.

Mimi si wa kanisa lao, na kwenye mafundisho tunatofautiana sana. Lakini ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa jambo linalobishaniwa makanisani kwetu: je, ni haki kumtuma kijana aliyemaliza sekondari juzi akawafundishe watu wazima wa nchi nyingine habari za Mungu, ndoa na maisha?

Wanaopinga wana hoja nzito. Kijana huyo hajazika mzazi, hajalea mtoto, hajakosa ada ya shule. Anabisha hodi kwa mama aliyeyapitia yote hayo, na imani ya mama huyo ni ya tangu kabla kijana hajazaliwa. Tena yeye mwenyewe anaishi chini ya ratiba kali: kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kusoma maandiko, kujifunza lugha, kutoka kwenda kwa watu, kulala saa nne na nusu usiku. Haruhusiwi kuwa peke yake. Mwenzake lazima awe karibu naye, na wenza hao hubadilishwa mara kwa mara. Uchumba hakuna. Hadi mwanzoni mwa 2019 simu ya nyumbani ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka. Siku hizi ni kila wiki, na naona hayo ni mabadiliko ya huruma yaliyochelewa mno. Wapo wanaougua sonona katika maisha hayo, na anayerudi kabla ya muda wake mara nyingi hupokewa kwa aibu, kana kwamba ametoroka vita. Hilo linaniuma kuliko ubishi wote wa mafundisho.

Upande wa pili nao una yake, na huonekana vizuri zaidi ukiwatazama siku isiyo ya mahubiri. Wana siku moja ya juma ya maandalizi. Siku hiyo utamkuta kijana wa watu ameinama juu ya beseni uani, anafikicha kola ya shati kwa sabuni ya mche, na watoto wa jirani wamemzunguka wanamwelekeza. Niliwahi kumsikia mmoja akimsalimia muuza mboga wa makamo, "Mambo vipi?" Mama yule akaweka kisu chini, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi ni sawa na mama yako. Sema shikamoo." Akasema, akaitikiwa marahaba, akauziwa mchicha. Hapo aliyekuwa anafundishwa ni nani?

Kijana huyo hana mfuko wa miradi wala gari, na hana cha kumnyima mtu anayekataa mafundisho yake. Ukimwambia "karibu siku nyingine" mambo yanaishia hapo. Anakula anachokipika, anapanda daladala, na mtaa unaweza kumkosoa, kumcheka na hata kumfungia mlango. Kwa kuwa anakaa miezi mingi, analazimika kujifunza Kiswahili cha kueleweka. Akirudi kwao anakuwa ameishi na watu wa Afrika kama majirani, jambo ambalo vitabu na picha za misaada havitampa.

Sasa linganisha na aina nyingine ya kijana mtumishi, ambayo makanisa yetu huipokea bila maswali kwa sababu huja na fedha. Mwaka 2019 akina mama wawili wa Uganda, pamoja na asasi ya kutetea haki, walifungua kesi Jinja dhidi ya Mmarekani aliyehamia huko akiwa na umri wa takriban miaka 20. Alisema ameitwa na Mungu, akaanzisha kituo cha watoto wenye utapiamlo, naye hakuwa na mafunzo ya udaktari wala uuguzi. Zaidi ya watoto 100 walifia kituoni katika miaka ya kazi yake. Yeye alikana kujifanya daktari, na watetezi wake walisema kituo kilikuwa na wauguzi wa Uganda na kwamba watoto wengi waliletwa wakiwa mahututi. Mwaka 2020 pande zote zilielewana nje ya mahakama, bila mtu kukiri kosa.

Sidhani kesi ile ilihusu umri. Nia njema nayo sina sababu ya kuikana. Kilichonitisha ni kwamba mtu aliye bado kijana aliweza kusimamia uhai wa watoto kwa kuwa alikuwa na wafadhili, na hakukuwa na mwenyeji aliyesimama juu yake wa kumwambia "hapana". Vivyo hivyo kwa makundi ya wiki mbili yanayokuja kukumbatia watoto kwenye vituo vya yatima. Wengi wa watoto hao wana mzazi aliye hai, na kituo kinahitaji watoto wawepo ili wageni waendelee kuja.

Historia ya pwani yetu inatusaidia kupima. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alitua Mombasa mwaka 1846 akiwa na miaka 26, kijana bado. Aliishi Rabai, karibu na Mombasa, hadi 1875, macho yakiwa yamekwisha. Waliobatizwa kwa kazi yake walikuwa wachache mno, lakini aliacha kazi kubwa ya lugha, na kazi hiyo haikuwezekana bila wenyeji kumsahihisha kila siku. Hakuja kama mgeni asiye na dosari. Wamisionari wa wakati wake waliyadharau mengi ya mila zetu, na hilo lisifichwe. Hata hivyo alikaa muda wa kutosha kurekebishwa.

Kwa hiyo mchungaji au askofu anayeombwa kupokea kijana kutoka Texas au Seoul asianze na tarehe ya kuzaliwa. Aulize atakaa muda gani, nani atamfundisha lugha, fedha za mradi zitapita mkononi mwa nani, na kama baraza la kanisa la hapa lina uwezo wa kumrudisha kwao bila kuhofia kupoteza ufadhili. Jibu la swali hili la mwisho likiwa "hatuna", basi asipokewe, hata kama anakuja na ahadi ya kuchimba kisima. Na kanisa linalomtuma liwe limeshaandaa namna ya kumpokea akirudi baada ya miezi 4 badala ya 24, bila kumsimamisha mbele ya usharika ajieleze.