Wareno wakiililia escudo, wanalilia nini hasa?

Uchumi wa Ulaya ukiyumba tu, lazima atokee mtu aseme Ureno ilikosea kuachana na hela yake ya escudo, kwamba nchi inayotumia euro ni mpangaji kwenye nyumba ya mtu mwingine. Wengine wanajibu kwamba escudo ilikuwa makaratasi tu, bora ilivyozikwa. Mi naona wote wawili kuna sehemu wanairuka.

Kabla ya escudo kulikuwa na real, wingi wake réis, toka karne ya 15 huko, na thamani yake iliporomoka mpaka real moja ikawa haina kazi, watu wanahesabu kwa elfu elfu, na réis milioni wanaiita conto. Mfalme kaondoka Oktoba 1910, mwaka uliofuata jamhuri ikaleta escudo, moja kwa réis 1000. Alama yake $ ilikaa katikati, 2$50 maana yake escudo 2 na senti 50, kwa hiyo ukikuta risiti ya zamani ya Lisbon usidhani jamaa walikuwa wanauziana kwa dola.

Sasa hii habari ya "hela yetu wenyewe" inanichekesha kidogo. Dhahabu iliyoipa hela ya Ureno heshima ilichimbwa kwa watu. Sisi wa pwani tunamjua Vasco da Gama, 1502 aliingia Kilwa na manowari akamlazimisha mtawala wa pale alipe kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ndo ikatengenezewa chombo cha ibada cha Belém (mtaa wa Lisbon) mwaka 1506, kipo makumbusho Lisbon mpaka leo. Karne ya 18 ikawa zamu ya dhahabu ya Brazil. Hata kuchapa noti walikuwa wanawapa Waingereza, na hapo ndo tapeli mmoja Mreno, Alves dos Reis, alipopata upenyo: mwishoni mwa 1924 alighushi mikataba ya Benki ya Ureno, ikapelekwa kwa wachapaji Waterlow kule London, nao mwaka 1925 wakamchapia noti 200,000 za escudo 500 kwa kuanzia. Huwezi hata kuziita feki, maana mchapaji yuleyule, picha ileile ya Vasco da Gama! Desemba zikagundulika kwa sababu namba zilikuwa zinajirudia. Mei 1926 jeshi likapindua serikali, sio kwa sababu ya noti peke yake ila nazo zilichangia kuichafua.

Tuje kwenye hoja yenye uzito ya wanaoililia escudo. Baada ya mapinduzi ya 1974 uchumi uliyumba, Ureno ikaenda IMF 1977 na tena 1983, na mara zote mbili walikuwa na pa kushika: wanashusha thamani ya escudo, bidhaa zao zinakuwa rahisi nje, watalii wanaongezeka, mambo yanasogea. 2011 walipokwama tena hawakuwa na escudo ya kushusha. Wakakopeshwa euro bilioni 78 na masharti juu, na mwaka 2012 watumishi wa umma na wastaafu wengi wakakosa zile posho za likizo na Krismasi, ambazo kule ni kama mishahara miwili ya ziada kwa mwaka. Hapo siwezi kubisha, iliuma.

Lakini ile dawa ya zamani nani aliinywa? Thamani ya hela ikishushwa bei zinapanda, na 1984 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 25. Mshahara kwenye karatasi haukuguswa, ila ukifika sokoni unakuta umeshaliwa. Ni makato yaleyale, tofauti ni kwamba anayekatwa mshahara anamjua aliyemkata, anayekatwa sokoni anamlaumu muuza samaki. Na angalia hiki: yale makato ya 2012 yalifika Mahakama ya Katiba na Julai ikasema yamekiuka katiba, ingawa iliyaacha yaendelee mwaka ule. Mfumuko wa bei wa 1984 ungeushtaki mahakama gani?

Kwa hiyo mi naegemea upande wa euro, ila sio kwa sababu ya wale wanaoisifia. Nao wana lao wanalificha: Ureno ilipokuwa inajiandaa kuingia, riba zilishuka sana, familia na makampuni wakakopa kwa pupa, halafu kuanzia 2001 uchumi ukadorora miaka na miaka huku madeni yapo palepale. Kwangu hilo ndo kosa kubwa la euro kule, mkopo rahisi mwanzoni, kuliko hii ya kukosa uwezo wa kushusha thamani inayopigiwa kelele kila siku.

Wakati wa kuhamia euro, thamani ya escudo iligandishwa kwenye 200.482 kwa euro moja, conto (safari hii escudo 1000) ikawa karibu euro 5, hesabu rahisi hata kwa bibi wa gengeni. Noti mpya zikaingia Januari 2002, za zamani Benki ya Ureno ikaendelea kuzibadilisha mpaka 28 Februari 2022. Noti ya 5000 ya mwisho ilikuwa na sura ya nani? Vasco da Gama tena. Siku ya mwisho alikuwa na thamani ya euro 24.94, kesho yake akabaki wa kuuziana wakusanya noti.