Nyumba umeipaka rangi, mwembe je?

Sisi wenye nyumba za kupangisha tuna maradhi mamoja. Mpangaji akihama, siku ya pili tushamwita fundi rangi, na kitasa kibovu tunabadilisha. Mti ulioinamia bati tunautazama tu, tukisema ulikuwepo tangu enzi za marehemu.

Nasema kwa kuwa yamenifika. Nina nyumba mbili Kiembe Samaki, hapa Unguja, na katikati yake pamesimama mwembe boribo. Mwaka niliozirithi nilimwita kijana mmoja mwenye msumeno wa mashine. Bei yake ilikuwa nyepesi, nami nikaona nimepata. Akaukata kichwa chote, ukabaki kama mkono usio na vidole. Nikampa na ya soda juu yake.

Mwembe haukufa. Ulichipua kwa vurugu, matawi kama fimbo yakapanda juu kwa kasi, nami nikajua umepona. Kumbe jiko la mti ni majani yake, na ukiyaondoa yote kwa mpigo unahangaika kutoa mengine upesi. Machipukizi ya namna hiyo hayatoki ndani ya mbao kama tawi la asili. Yameshikilia juu juu, chini ya gome tu, na kila yakinenepa ndivyo yanavyozidi kuwa mazito kuliko mshiko wao. Chini yake kisiki kinaingia maji na kuoza. Mwaka wa tatu, masika yamepamba moto na upepo wa kusi umeanza, tawi moja likashuka usiku juu ya bati la mpangaji. Alhamdulillahi, watoto walikuwa chumba cha pili. Bati, mbao za paa na tangi la maji vikala kodi ya miezi minne, na mpangaji akahama zake.

Aliyekuja baadaye ni mzee aliyesoma kilimo Kizimbani. Kabla hajashika msumeno aliuzunguka mti mara mbili akiugongagonga kwa nyuma ya panga, anasikiliza wapi pana uvungu. Kisha akanionyesha pale tawi linapotoka kwenye shina pana uvimbe kama shingo. Ukikata nje kidogo tu ya hapo, mti hulifunika jeraha lake wenyewe. Ukiingia ndani ya shingo umeujeruhi mti, na ukiacha kigogo kirefu kitaoza. Tawi zito alilipasua kwanza kwa chini, ili likianguka lisichune gome. Nikamuuliza, "Sasa tupake rangi au oili chafu hapo?" Akacheka. "Mwanangu, liache lipumue." Akasema pia wakati mzuri ni embe zikishamalizika, kabla ya masika kuanza.

Wenzangu wa Paje na Jambiani mnaopangishia wageni, nyinyi shughuli yenu ni minazi. Mnazi hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo juu hapakosi nazi iliyokomaa na kuti lililokauka. Kuangua mara moja kwa mwaka hakutoshi, hasa kama chini umeweka kitanda cha kuotea jua. Na mzuie mkwezi asichonge vidato kwenye shina, maana mnazi hauna gome la kufunga jeraha kama mwembe. Kidato cha leo kitakuwepo mpaka mti ufe. Mwambie apande kwa kamba. Wala asikwangue makuti mabichi mpaka ubaki ufagio, shaha, ule moyo laini wa juu unaotoa makuti, likiharibika ndio basi, mnazi hauna kilele cha pili.

Kuhusu mizizi, watu wengi wanadhani inakwenda chini kama msumari. Mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi na kupita mbali nje ya kivuli, na kwenye mawe ya matumbawe ya pwani ya mashariki haina hata pa kuzama. Unachimba karo la choo hatua mbili kutoka shinani, unakata mizizi ya upande mzima, kisha mvua ikilowesha udongo unashangaa mti umelala. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu na minazi mingi ya Unguja, na ile ilikuwa kudra. Karo ni letu wenyewe.

Yuko atakayeniambia suluhisho ni kuung'oa. Haya, ung'oe (lakini pita kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako), kisha nenda kakae chini ya bati lile saa nane mchana mwezi wa Februari, umeme umekatika na feni imesimama. Mpangaji wangu wa sasa, kabla ya kuuliza kodi, aliuliza kama mwembe nao umo ndani ya bei. Nikamwambia umo, ila embe tunagawana na nyumba ya pili.