Alaina kwa mtu mzima: fizi kwanza, halafu chai
Mwanya tunausifia, ila meno ya mbele yaliyopandana hakuna anayeyasifia, ndo maana siku hizi mtu ana miaka 40 anaulizia alaina, vile vifuniko vya plastiki angavu vya kuvalisha juu ya meno, unabadilisha seti kila wiki moja au mbili na meno yanasogea taratibu. Umri wenyewe sio kikwazo, jino la mtu mzima linasogea vizuri tu, ishu ni kinacholishikilia. Fizi zikiwa zinatoa damu na mfupa umeshaliwa, ukilisukuma unaweza kulipoteza kabisa, kwa hiyo ugaga utolewe, fizi zitulie, eksirei ipigwe, ndo stori ya alaina ianze.

Raha yake inaeleweka. Unavua unakula, unapiga mswaki kama kawaida, hakuna mchicha unaonasa mbele za wateja kama kwenye waya, zile za chuma zinazogandishwa kwenye meno kuyanyoosha. Japo hiyo ya "haionekani kabisa" ni ya matangazo, maana mara nyingi unagandishiwa vinundu kwenye meno ili plastiki ipate pa kushika.

Sasa shida. Inatakiwa ikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, yaani kula, kunywa na kupiga mswaki vyote viingie kwenye saa mbili au nne zilizobaki, na sisi watu wa chai ya saa nne, karanga za kutafuna njiani, kahawa jioni, tunazitoa wapi? Ukinywa nayo mdomoni, chai ya moto inaipinda na sukari inabaki imefungiwa kwenye jino, unaishia kuoza. Mtu anayeshinda na kikombe mezani mi namwambia aweke waya tu, waya haivuliki kwa hiyo haina cha kusahau.

Na sio kila mdomo. Meno kubanana kidogo au mianya, alaina inamudu, ila chonge iliyogeuka sana au pengo la kuziba baada ya kung'oa, waya bado ndo mwenyewe.

Za kuagiza mtandaoni bila kuonana na daktari ziepuke, SmileDirectClub, kampuni ya Marekani iliyokuwa inaziuza hivyo, ilifunga Desemba 2023 na wateja wakaachwa matibabu yakiwa katikati.

Halafu kuna riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yakishanyooka, ya kuvaa usiku miaka na miaka, bila hiyo meno yanarudi yalikotoka. Uliza mapema kama imo kwenye bei.