Mtama mfupi au lugugu? Mbegu za utafiti na mkulima wa Dodoma

Kila msimu ukikaribia huku Dodoma ubishi ni ule ule, huyu anasema mbegu za watafiti ndo zitatutoa kwenye njaa, yule anasema zimekuja kuua mbegu za babu zetu. Mi naona wote wana hoja, tatizo wanachanganya vitu.

Kwanza watafiti wapewe haki yao. Mvua zetu ni za msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, zinaanza Desemba halafu Februari zinakata kipindi ambacho mmea ndo unazihitaji. Mtama wa kienyeji kama lugugu ni mrefu na unachelewa kukomaa, mvua zikiwahi kuisha umekwisha na wewe. Macia, mbegu ya mtama ya watafiti iliyopitishwa hapa nchini 1999, ni fupi, inawahi kukomaa, punje nyeupe, na hata ukishavuna majani yanakuwa bado mabichi kwa hiyo mifugo nayo inakula. Halafu kuna kiduha, lile gugu linalonyonya mtama kwenye mizizi, na huwezi kulimaliza kwa jembe maana likichomoza juu limeshakula sana huko chini, na mbegu zake ni kama vumbi zinakaa ardhini miaka na miaka. Mwaka 2002 zikapitishwa Hakika na Wahi ambazo zinastahimili kiduha. Kwa mtu ambaye shamba lake limevamiwa hiyo ni tofauti ya kula na kutokula.

Sasa kwa nini mama mwenye ekari zake mbili Bahi au Chamwino anarudi kwenye mtama wa kienyeji? Ndege! Kweleakwelea wakipata mtama mweupe usio na uchungu hawaendi kwingine, ule mwekundu wenye uchungu wanauacha kama wana pa kuchagua. Ukipanda Macia peke yako katikati ya majirani wenye mtama mwekundu, na yako ndo inawahi kuiva, kundi lote linashukia kwako. Hapo ni kuamia kuanzia alfajiri mpaka giza linaingia, na wanaoamia ni akina mama na watoto, mtoto anakosa shule kwa ajili ya kurusha mawe na kupiga madebe. Nguvu kazi hiyo huikuti kwenye hesabu ya gunia kwa ekari, na mi hapo ndo napata hasira kabisa.

Kuna na ghala. Punje laini fukusi wanaimaliza haraka, wakati bibi anachagua masuke makubwa ya lugugu anayatundika juu ya jiko yapate moshi, msimu ujao ana mbegu bila kumwomba mtu.

Ila hii ya kusema mbegu zote za utafiti lazima ununue kila mwaka, hapana jamani. Hiyo ni mahindi chotara, ukirudia mbegu yake mavuno yanashuka. Mtama kwa sehemu kubwa unajichavusha wenyewe, Macia unaweza kuiweka mbegu ukapanda tena misimu kadhaa ukiichagua vizuri. Na wala sio GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara. Yale majaribio ya mahindi ya GMO yaliyoanza hapa Makutupora 2016 yalikuwa kitu kingine, na serikali iliyasitisha.

Msimamo wangu, utafiti uendelee na uongezewe hela, ila mkulima anayeamia ndege awe shambani tangu mbegu inachaguliwa, asiitwe siku ya kuonyeshwa tu. Mtama wa kienyeji wenyewe uchukuliwe kama mzazi, uchungu na ugumu wa punje vihamishiwe kwenye mtama unaowahi. Na mbegu zifike, maana duka la pembejeo unakuta mahindi aina kibao, mtama unaambiwa njoo wiki ijayo. Tayari kuna utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, QDS, mkulima anafundishwa, anazalisha kijijini, TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibiti ubora wa mbegu, wanakagua, anauzia wenzake. Kata zetu zianzie hapo, na kwenye hizo mbegu lugugu iliyochaguliwa vizuri nayo iwemo.