Niambieni Kabla Msasa Haujagusa Ukuta

Asubuhi moja niliamshwa na mlio wa msasa wa umeme. Fundi alikuwa anasugua fremu za madirisha kwenye korido ya jengo nililopanga. Nilipofungua mlango nikakuta vumbi jeupe limetanda sakafuni, limeingia hadi kwenye viatu vya watoto wa jirani. Mwenye nyumba alijua kazi inaanza siku hiyo, fundi alijua, ila sisi tunaolala humo hatukuambiwa neno. Rangi yenyewe haikupimwa, wala hakuna aliyeuliza ilipakwa mwaka gani.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao sijaubadilisha: anayeishi ndani ya nyumba ana haki ya kuambiwa habari ya rangi yenye risasi, yaani ile metali yenye sumu, kabla kazi haijaanza, na aambiwe mapema kiasi cha kuweza kufanya jambo.

Watu wengi wakisikia rangi yenye risasi wanamfikiria mtoto anayebandua magamba ya ukuta na kuyatafuna. Hilo lipo. Lakini rangi ya zamani iliyoshika vizuri, isiyopasuka wala kubanduka, kwa kawaida hutulia ilipo. Ukarabati ndio unaoiamsha. Fundi akipiga msasa, akikwangua au akibomoa, rangi iliyokaa kimya miaka 50 inageuka vumbi laini kabisa, linalotua sakafuni, kwenye vizingiti vya madirisha na kwenye midoli. Mtoto anatambaa humo, kisha anatia vidole mdomoni. Fundi akiichoma rangi kwa moto wa gesi ili ilainike, ni vibaya zaidi, maana risasi inapanda hewani kama moshi.

Na hapa sitaki kupunguza ukali wa maneno. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo aliyeimeza anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 ya kile ambacho mwili wa mtu mzima hufyonza, na ubongo wake bado unajengeka. Madhara yake katika akili, kujifunza na tabia huenda yasirekebishike tena. Mara nyingi hakuna homa wala dalili ya kumshtua mzazi. Kipimo cha damu ndicho kinachosema. Kwa mtu mzima, risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na mwanamke akipata ujauzito inaweza kutoka humo ikarudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Si jambo jipya hili. Mwaka 1904 daktari John Lockhart Gibson, huko Queensland, Australia, aliandika kwamba watoto walikuwa wanapata sumu kutokana na rangi za kuta na mabaraza ya nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kupunguza matumizi ya risasi nyeupe, unga wa risasi uliotiwa kwenye rangi, ili kuwalinda mafundi rangi. Marekani ikaja kupiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978. Wataalamu walikuwa na habari zamani sana. Zilichelewa kufika sebuleni.

Marekani hiyohiyo ina kanuni ninayoipenda, ingawa nina ugomvi nayo. Tangu 1999, mkarabati anayelipwa kufanya kazi kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima, isipokuwa katika hali chache, awape mwenye nyumba na wakazi kijitabu kinachoeleza hatari hii kabla hajaanza. Akikituma kwa posta, kiwe kimetumwa angalau siku 7 kabla. Lakini akikikabidhi mkononi na kupata saini, hakuna siku 7 za kungoja. Maana yake mtu anaweza kupewa karatasi mlangoni huku ngazi imeshaegeshwa ukutani, akatia saini, na kanuni ikawa imetimizwa. Mama mwenye kichanga atafanya nini kwa dakika zile? Ningetaka wiki nzima kwa kila mkazi, na maelezo kwa lugha anayoielewa vizuri. Saini haithibitishi kwamba mtu ameelewa.

Nimeshaambiwa kwamba taarifa za namna hii zinawatia watu hofu bure na kuchelewesha kazi. Sikubali. Mpangaji aliyeambiwa mapema anaweza kuwahamishia watoto kwa bibi yao siku chache, kutoa godoro na nguo chumbani, kudai mlango uzibwe kwa nailoni na ukuta uloweshwe kabla ya kukwanguliwa. Asiyeambiwa anachukua ufagio mkavu jioni na kulirusha vumbi lote hewani upya, akidhani anasafisha.

Kwa hiyo taarifa isiishie kusema "kuna hatari". Iseme ni vyumba gani, siku gani, rangi imepimwa au la, nani atadeki kwa maji na kufuta kila kizingiti kabla watu hawajarudi.

Na fundi naye aambiwe. Yule wa korido yetu hakuwa na barakoa. Jioni alikung'uta suruali yake mlangoni, akaondoka na nguo zilezile kwenda nyumbani kwake, ambako huenda kuna mtoto anayekimbilia kumkumbatia.