Jina Liseme Kazi, au Linyamaze?

Mwaka 1958 kampuni moja ya Tokyo iliyojipatia sifa kwa redio ndogo za transista iliamua kubadili jina. Ilikuwa ikiitwa Tokyo Tsushin Kogyo, jina lililowatoa jasho wateja wa Marekani. Benki yake, Mitsui, ilisita, kisha ikashauri kwamba kama ni lazima liwe Sony, basi angalau liongezwe neno la kuonyesha kuwa hawa ni watu wa vifaa vya elektroniki. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, akakataa katakata. Hakutaka kampuni ifungwe kamba kwenye kazi moja.

Muda umempa haki. Sony imekuja kuuza filamu, michezo ya video, hata bima ya maisha, na hakuna aliyeshangaa. Nokia nayo ilianza na karatasi huko Finland mwaka 1865, ikachukua jina la mji uliokuwa karibu na kiwanda chake cha pili, ikapitia mabuti ya mpira na nyaya kabla sisi hatujaijua kwa simu. Google, kwa upande wake, imetokana na googol, yaani moja yenye sifuri mia nyuma yake, tena tahajia ikiwa imekosewa. Jina kama hilo halimwambii mteja chochote, na ndiyo maana halizeeki biashara inapogeuka.

Ila hoja ya Morita ina sharti ambalo wanaoisifu hulisahau: uwe na muda, na fedha za matangazo, mpaka neno tupu lizoeleke. Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya, Machi 2007, kazi ilikuwa nyingine kabisa. Mtu ambaye hajawahi kumiliki akaunti ya benki anaambiwa amkabidhi mwenye duka noti zake, abaki na meseji tu mkononi. Anahitaji kujua papo hapo hiki ni kitu gani. M ni ya mobile, yaani simu ya mkononi, pesa ni pesa. Sisemi jina ndilo lililoijenga huduma. Mawakala waliotapakaa kila kona ndio waliofanya kazi ngumu. Lakini hawakuwa na haja ya kuanza kwa kueleza jina.

Ubaya wa neno la wote ni kwamba halina mwenyewe. Tanzania, M-Pesa ilipoingia mwaka 2008, haikukaa peke yake: zikaja Tigo Pesa, Ezypesa, HaloPesa, T-Pesa. Nani angewazuia? Na ukivuka mipaka, faida inapungua. Afghanistan walilazimika kuiita M-Paisa, jambo la kuchekesha kidogo, maana pesa yetu wenyewe imetokana na paisa ya India. Afrika Kusini waliibakiza M-Pesa, ikaanza 2010 na kufungwa 2016. Hapo nisilionee jina: wengi kule tayari walikuwa na akaunti za benki.

Kuna pia majina ambayo hayapo upande wowote kati ya hizi mbili. Fuliza, mkopo mdogo wa Safaricom wa kumalizia muamala salio linapopungua, ulikuja mwaka 2019 na kitenzi cha zamani chenye maana ya kuendelea bila kukoma. Leo Mkenya akikwambia amefuliza, unaelewa kwamba hana kitu. Kampuni haikuazima maana ya neno, imeligeuza.

Kwa hiyo siamini kuna kanuni moja. Ninachoangalia ni nani anabeba gharama ya jina. Novemba 2024 Tigo ya Tanzania iligeuka Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Sababu si siri: mmiliki, Axian, ana mitandao Madagascar, Comoro, Togo na Senegal, na neno pesa halimsaidii mtu wa Dakar. Jina moja kila mahali hurahisisha matangazo, na siku huduma ikitanuka zaidi ya kutuma na kupokea, hakuna haja ya kubadili kibao tena. Morita angepiga makofi. Lakini mama wa Tandika, Dar es Salaam, anayemtumia mwanawe ada ya shule hana biashara na Dakar. Amenyang'anywa neno aliloelewa bila kufundishwa, na mpaka sasa sioni alichopewa badala yake.